Coddle ya Dublin: kwa nini soseji hupasuka na viazi hupondeka

Swali: Ninaishi Dublin, na kazi yangu ni kumtunza mama mmoja mzee nyumbani kwake. Ameniomba nimpikie coddle kama ile aliyokuwa akipikiwa na mama yake, ile ya soseji, bekoni na viazi. Nilijaribu, lakini soseji zilipasuka, viazi vikapondeka, na mchuzi ukawa na chumvi kali na rangi ya kijivujivu. Nimefikiria safari nyingine nikaange soseji kwanza na kuongeza nyanya ili zipate rangi. Je, nitakuwa sahihi? Tena mume wangu hali nguruwe. Ninaweza kumpikia ya kwake kwa soseji za ng'ombe?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na nyanya, kwa sababu zikishaingia sufuriani hazitoki. Coddle ya Dublin haina nyanya, wala soseji zake kwa kawaida hazikaangwi kabla ya kuingia majini. Ninafahamu kwamba mkono wa mpishi aliyelelewa kwetu huanza na kitunguu katika mafuta, ikafuata nyanya, ndipo nyama ikaingia, na mchuzi usiopitia hatua hizo huonekana kwake kama chakula cha mgonjwa. Hata hivyo, weupe ule uliokusumbua si kasoro. Soseji iliyoiva ndani ya maji hubaki na rangi iliyofifia, viazi hubaki vyeupe, na mchuzi hupata ukungu kidogo kutokana na wanga wa viazi. Hivyo ndivyo wazee wengi wa Dublin wanavyokikumbuka chakula hiki, isipokuwa wale ambao familia zao zilikuwa na desturi nyingine, jambo nitakaloligusia baadaye. Kasoro za kweli katika maelezo yako ni tatu, yaani kupasuka kwa soseji, kupondeka kwa viazi na kuzidi kwa chumvi. Mbili za kwanza zina chanzo kimoja: moto ulikuwa mkali mno.

Coddle ni chakula cha mjini, na hasa cha watu wa kipato kidogo wa Dublin. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, majumba makubwa ambayo matajiri walikuwa wameyajenga karne moja na zaidi kabla ya hapo yalikuwa yamekatwakatwa na kupangishwa chumba kimoja kimoja, na familia nzima ikawa inalala, inafua na kupika katika chumba hicho hicho. Katika nyumba namba 14 ya Henrietta Street, ambayo leo ni makumbusho ya maisha hayo, sensa ya mwaka 1911 iliwakuta watu 100 wakiishi chini ya paa moja. Mwanamke aliyepika katika mazingira hayo alikuwa na moto mmoja, na aghalabu sufuria moja kubwa ya kumtosha kila mtu. Soseji na vipande vya bekoni vilikuwa nyama aliyoweza kuimudu, na viazi na vitunguu vilikuwapo karibu siku zote. Zaidi ya hayo, Wakatoliki walikatazwa kula nyama siku ya Ijumaa, hivyo nyama yoyote iliyosalia nyumbani ilimalizwa Alhamisi jioni, na ndiyo maana wazee wengi huihusisha coddle na siku hiyo. Sufuria iliweza kukaa pembeni mwa moto kwa saa nyingi, ikimngoja aliyechelewa kazini au aliyepitia baa, na chakula kisiharibike. Chakula kinachoweza kungoja namna hiyo ni chakula cha moto mdogo tangu mwanzo wake, na ukikipika kwa haraka kitakukatalia.

Sasa tuitazame soseji yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyokusumbua zaidi. Soseji ya kawaida ya Ireland si nyama tupu. Ndani yake mna nyama ya nguruwe iliyosagwa laini pamoja na mafuta yake, chenga za mkate mkavu au za nafaka iliyookwa, na viungo visivyo vikali, hasa pilipili manga nyeupe. Inapopata joto, chenga zile hunywa maji na kufura, mafuta huyeyuka, na ngozi inayoifunika husinyaa. Joto likipanda taratibu, mabadiliko hayo hutokea kwa kupishana na ngozi huyastahimili. Maji yakichemka kwa nguvu, yote hutokea kwa mkupuo mmoja huku soseji zikigongana na ukuta wa sufuria, na ngozi huchanika. Baada ya hapo chenga za mkate humwagika kwenye mchuzi na kuupa ile rangi ya kijivujivu uliyoiona. Kwa hiyo usizitoboe soseji kwa uma, ingawa watu wengi hufanya hivyo wanapozikaanga. Katika coddle, tundu ni mlango wa kutolea mafuta na ladha.

Joto unalolitaka ni kati ya nyuzi 85 na 95 za Selsiasi, chini kidogo ya kuchemka, lakini huhitaji kipimajoto ili kulitambua. Funua mfuniko utazame pembeni mwa sufuria. Ukiona kipovu kimoja kimoja kikipanda kando ya kiazi, kikikaa juu kwa nukta moja kisha kikapotea, huku katikati ya mchuzi kumetulia na mafuta yanaelea kwa vijiduara vidogo vinavyong'aa, basi moto umefaa. Ukiona viazi vinatikisika na mvuke unausukuma mfuniko, moto umezidi, upunguze mara moja. Majiko mengi ya umeme huendelea kutoa joto jingi hata yakiwekwa kwenye alama ya chini kabisa, na huenda hicho ndicho kilichokuponza. Ikiwa jiko lako ni la namna hiyo, iache sufuria ipate joto hadi vipovu vya kwanza vionekane, kisha uihamishie kwenye oveni iliyopashwa joto la nyuzi 150, ikiwa imefunikwa vizuri na vishikio vyake vinastahimili oveni. Huko itaiva kwa utulivu bila wewe kuisimamia, na kwa mtu mwenye kazi ya kumtunza mzee, mimi naona hiyo ndiyo njia bora.

Kuhusu chumvi, mkosaji karibu daima ni bekoni. Bekoni ya Ireland hukatwa zaidi kutoka mgongoni mwa nguruwe, ina pande kubwa la nyama na ukingo wa mafuta, na imehifadhiwa kwa chumvi. Nyingine imefukizwa moshi pia. Si lazima ununue zile nyembamba za kukaanga asubuhi. Wauza nyama wa Dublin huuza kwa bei nafuu vipande vinene vinavyobaki baada ya kukata bekoni, na kwa coddle vipande hivyo ni bora zaidi, kwa sababu havinyauki sufuriani. Kabla ya kupika, viweke katika maji baridi, viinjike mpaka maji yaanze kuchemka na povu jeupe lijitokeze juu, kisha uyamwage maji hayo yote na kuvisuuza. Hatua hiyo huchukua dakika chache tu, nayo huondoa chumvi nyingi na taka ambazo zingeuchafua mchuzi. Baada ya hapo usitie chumvi yoyote mpaka chakula kiive na ukionje. Ukitumia vidonge vya supu, kumbuka kwamba navyo vina chumvi kali; kidonge kimoja juu ya bekoni isiyochemshwa kinatosha kabisa kukiharibu chakula. Ushauri wangu ni kutumia maji matupu, au supu ya kuku uliyoipika mwenyewe bila chumvi.

Viazi vinahitaji uamuzi wa aina mbili, yaani aina ya kiazi na ukubwa wa kipande. Waayalandi hupenda kiazi chenye unga mwingi, kile ambacho kikiiva hupasuka juu na kuonekana kama kimenyunyiziwa unga. Madukani Dublin utakiona kwa wingi kile chenye ganda jekundu kiitwacho Rooster, nacho kinafaa. Wasomaji walioko Kenya wanaotaka kujaribu wanaweza kutumia shangi, ila wakumbuke kwamba huiva upesi na kulainika, hivyo vipande viwe vikubwa zaidi. Kata viazi vidogo nusu kwa nusu, na vikubwa vipande vinne. Kiazi kimoja au viwili uvikate vipande vyembamba kama sarafu na kuvitandaza chini kabisa pamoja na vitunguu. Hivyo vitavunjikavunjika na kuupa mchuzi uzito, na kwa namna hiyo hutahitaji unga wa ngano wala wa mahindi. Vile vipande vikubwa vikae juu ya kila kitu, nusu yake ndani ya mchuzi na nusu nje. Sehemu iliyo nje huiva kwa mvuke, kama wali unavyomalizikia kuiva baada ya maji kukauka, na ndiyo maana mfuniko lazima ufunge barabara. Nadhani ulivizamisha viazi vyote majini na ukawa unakoroga. Coddle haikorogwi.

Kwa watu wanne, andaa soseji za nguruwe gramu 450, bekoni gramu 250, viazi kilo moja, vitunguu maji vikubwa viwili, maji au supu takriban mililita 600, fungu dogo la majani ya pasli, yale yanayofanana na giligilani lakini hayana harufu yake kali, na pilipili manga nyeupe iliyosagwa nusu kijiko cha chai. Ukitaka mchuzi mzito zaidi, osha vijiko viwili vya chakula vya shayiri iliyokobolewa na uiweke chini pamoja na vitunguu. Chagua sufuria nzito na pana kiasi. Katika sufuria nyembamba ndefu tabaka za juu hulemea za chini, na soseji hubanwa.

Ukishachemsha bekoni na kumwaga maji yake kama nilivyoeleza, kata vitunguu vipande vya mviringo vyenye unene wa kidole na uvitandaze chini pamoja na vile viazi vyembamba. Juu yake panga bekoni, kisha soseji zikiwa nzima, zikae bega kwa bega bila kurundikana. Nyunyiza pilipili manga na nusu ya pasli iliyokatwakatwa, pamoja na vikonyo vyake, kwa kuwa ladha nyingi imo humo. Malizia kwa viazi vikubwa. Mimina maji yaliyo vuguvugu kutoka pembeni, taratibu, mpaka yafike katikati ya kimo cha viazi vya juu, na wala si zaidi, kwa kuwa vitunguu na nyama vitatoa maji yake pia. Kama sufuria yako ni pana sana na maji hayajafika, ongeza kidogo kidogo. Usimimine maji yanayotokota juu ya soseji baridi, kwa sababu mshtuko huo nao huzichana. Funika, washa moto wa wastani mpaka vipovu vya kwanza vijitokeze pembeni, kisha upunguze.

Juu ya jiko, kwa moto huo mdogo, chakula kitahitaji saa moja na robo hivi. Katika oveni kipe saa mbili, na hata kikikaa saa tatu hakitadhurika. Kimeiva pale kisu kinapopenya kiazi kikubwa bila kukivunja, na vitunguu vya chini vimelainika kiasi cha kuanza kuyeyuka. Kata soseji moja ya katikati uhakikishe kwamba imeiva mpaka ndani. Mwenye kipimajoto aone nyuzi 75 katikati yake, hasa kwa kuwa unamlisha mtu mwenye umri mkubwa. Onja mchuzi, na sasa ndipo uamue juu ya chumvi. Mara nyingi hutahitaji hata chembe. Nyunyiza pasli iliyobaki na uache sufuria nje ya moto kwa dakika kumi kabla ya kupakua, ili viazi vinywe mchuzi kidogo na mafuta yapande juu, nawe uweze kuyaengua kwa kijiko kama ni mengi.

Kabla hujaanza kupika, keti na mama huyo umuulize maswali machache, kwa maana coddle hutofautiana kutoka nyumba hadi nyumba na watu wa Dublin huitetea ya kwao kwa dhati. Muulize mchuzi wa mama yake ulikuwa na rangi gani. Zipo familia zinazotia pakiti ya unga wa supu ya mkia wa ng'ombe, na mchuzi wao huwa wa kahawia na mzito; kama ndiyo iliyokuwa desturi ya kwao, basi ile nyeupe itakuwa ngeni kwake hata ukiipika kwa ufundi wote, nawe utapaswa kumpa ya kahawia. Muulize pia kama kulikuwa na shayiri na kama kulikuwa na karoti. Suala la karoti huwagawa watu kwelikweli: wapo wanaosema sufuria yenye karoti si coddle tena. Mimi siweki, kwa sababu utamu wake huizidi nguvu ladha ya kitunguu, lakini kumbukumbu ya mama yako mzee ina uzito kuliko maoni yangu. Bia ya Guinness, ambayo utaiona katika baadhi ya mapishi, inaupendeza sana mchuzi wa nyama ya ng'ombe, ila hapa huleta uchungu na kuufunika ule upole ambao ndio uzuri wa chakula hiki. Iache.

Nije kwa mumeo. Kama sababu yake ni ya dini, usitumie sufuria wala kijiko kilichopika nguruwe bila kukubaliana naye kwanza juu ya usafishaji wake. Njia rahisi ni kutenga sufuria ya kwake. Nunua soseji za ng'ombe au za kondoo kutoka kwa muuza nyama wa halali, na umuulize ngozi yake imetengenezwa kwa nini, kwa sababu nyama inaweza kuwa ya ng'ombe na ngozi ikawa na asili nyingine. Chagua zisizo na pilipili nyekundu wala paprika, maana rangi yake itauchukua mchuzi wote. Badala ya bekoni tumia nyama ya bata mzinga au ya ng'ombe iliyofukizwa moshi, kiasi kile kile cha gramu 250. Nyama hizo mara nyingi zina mafuta machache kuliko bekoni ya nguruwe, hivyo weka vijiko viwili vya siagi juu ya vitunguu kabla ya kupanga tabaka nyingine, na utumie supu ya kuku badala ya maji. Bata mzinga hukakamaa akipikwa muda mrefu. Mwingize sufuriani dakika 30 za mwisho, ukimchomeka kati ya viazi. Chakula hicho kitakuwa kizuri na cha kushibisha, ingawa mama yako mzee asingekitambua kuwa ni kile cha utotoni mwake.

Coddle huliwa katika bakuli, pamoja na mkate wa soda, ule usiotiwa hamira, unaoumuliwa kwa bikaboneti ya soda na maziwa machachu, ukiwa umepakwa siagi. Mkate huo ndio wa kufutia mchuzi, kwa hiyo usiusahau. Wengine hutia tone la sosi ya kahawia ya chupa pembeni. Mpe aitie mwenyewe mezani. Kwa mtu wa umri wake, menya ngozi ya soseji baada ya kuiva na uikate vipande vidogo, maana ngozi iliyochemshwa huwa teketeke yenye kunata na inaweza kumkwama kooni asiye na meno imara. Kama daktari amempunguzia chumvi, chemsha bekoni mara mbili na kumwaga maji yote mawili, au uipunguze hadi gramu 100, na umpakulie viazi vingi kuliko nyama.

Kitakachobaki kipoze na ukiingize kwenye friji ndani ya saa mbili. Kesho yake utakuta mchuzi umeganda na viazi vimeunywa kwa kiasi kikubwa. Ongeza maji ya moto nusu kikombe na upashe kwa moto ule ule mdogo, ukiwa umefunika, mpaka chakula kiwe cha moto kabisa hadi katikati. Usikigandishe kwenye friza, kwa sababu viazi vya namna hii vikiyeyuka hutoa maji na kuwa kama sifongo. Wapo wanaosema ladha ya siku ya pili ni bora kuliko ya kwanza, nami nakubaliana nao, kwa hiyo ukitaka kuwa na uhakika mbele ya mama huyo, ipike jioni na umpakulie mchana wa siku inayofuata.